Baiskeli ya kale haivunjiwi heshima kwa kutiwa gia mpya

Wako watu, na baadhi yao ni rafiki zangu, ambao wakiiona baiskeli ya mbio ya zamani imeondolewa mikono yake ya gia na kutiwa ya kisasa hushika vichwa, kana kwamba wameona mtu akibomoa mihirabu ya msikiti wa kale. Husema kitu cha kale na kiachwe na ukale wake. Mimi sikubaliani nao, kwani jambo hili kule Kitale na Bungoma si la mapambo. Ni la usalama wa mtu barabarani.

Baiskeli ninazozisema si zile nyeusi nzito, Black Mamba, zenye breki za vyuma virefu, ambazo zimebeba mahindi, maziwa na abiria wa magharibi ya Kenya kwa miaka mingi. Hizo, ijapokuwa pikipiki ziliwanyang'anya wenyewe abiria wengi baada ya mwaka 2008, zina heshima yake na hazihitaji mashauri yangu. Nasema zile nyepesi za fremu ya chuma, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, zilizotengenezwa Ulaya na Japani katika miaka ya 1970 na 1980, na ambazo hutufikia kwa njia ya mitumba. Mikono yake ya gia iko chini, kwenye lile bomba la fremu linaloteremka kutoka usukani kwenda kwenye pedeli. Mpandaji akitaka kubadili gia hana budi auachie usukani kwa mkono mmoja na kuinama.

Sasa itazame njia yenyewe. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na Bungoma kiasi cha mita 1,400. Barabara yapita Kiminini, Kamukuywa mpaka Webuye, kisha yageuka kuelekea Bungoma. Kwa jumla kwenda ni kazi ya breki na kurudi ni kazi ya gia. Na malori yaendayo Lodwar na Sudan Kusini yapita papo hapo. Mwambie basi kijana ashike usukani kwa mkono mmoja, upepo wa lori unamsukuma ubavuni, na shimo li mbele yake! Ukale wa kifaa wamfaa nini hapo? Anayetaka vitu visivyoguswa, Kitale ina makumbusho mazuri. Na aende akatazame.

Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa mkono wa breki ambao gia zimo ndani yake. Ukiuvuta kuja kwako, breki hushika. Ukiusukuma kando, gia hubadilika, na vidole havitoki mahali pake. Mwaka 1992 Campagnolo ya Italia nayo ikaleta wake. Manung'uniko yalikuwapo, kama kawaida. Hata gia zenyewe za kuhamisha cheni zilikataliwa miaka mingi katika mbio kubwa za Tour de France, kwa ukaidi wa mwanzilishi wake, Henri Desgrange. Ziliruhusiwa mwaka 1937, baada ya mzee huyo kuwaachia wengine uongozi. Leo sijui ni nani amliliaye Desgrange.

Lakini anayedhani kwamba kazi hii ni kufungua skrubu mbili na kukaza nyingine mbili ajidanganya. Watunzi wenzangu wanajua: ukibadili kina cha mshororo mmoja, huna budi kuvibadili vya ubeti mzima. Mkono huu mpya huvuta waya kwa kipimo maalumu kila ulipo mlio mmoja, kwa hiyo lazima uafikiane na kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, nacho kiafikiane na idadi ya meno ya nyuma. Baiskeli ya kale ina friwili ya hatua tano au sita, na nafasi ya habu yake ya nyuma ni milimita 120 au 126. Magurudumu ya hatua nane na zaidi, ya mbio, hutaka milimita 130. Kwa hiyo fremu yapanuliwa.

Chuma hukubali, ikiwa kitavutwa kidogo kidogo na kwa usawa pande zote mbili. Aluminiamu haikubali, hupasuka, na mwenye fremu ya aina hiyo asijaribu. Baadaye fundi huchukua uzi, akaufunga upande mmoja wa nyuma, akauzungusha kichwa cha fremu mbele, akaurudisha upande wa pili, kisha akapima nafasi iliyopo baina ya uzi na bomba la kiti kulia na kushoto. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zaidi ya hayo, ala ya waya wa gia, ile ambayo nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu, isitiwe kwenye breki kabisa. Mkazo wa breki huipasua, na itapasuka siku ya kuteremka.

Kuna pingamizi moja ninayoistahi. Fundi mmoja wa Bungoma, mikono imejaa grisi, aliniuliza: "Sasa mzee, hii ikikufa utanitafuta mimi ama utamtafuta huyo Mjapani?" Swali hilo lina uzito kuliko vilio vyote vya wapenda ukale. Mkono wa zamani hutengenezwa kwa bisibisi tu. Huu mpya una springi na meno madogo madogo ndani, na ule wa Shimano haukufanywa ili ufunguliwe. Mara nyingi, hata hivyo, hudhaniwa umekufa kumbe grisi yake imekauka tu. Ukioshwa na kutiwa mafuta mepesi hufufuka. Na gia zikifa kabisa, breki kwa kawaida hubaki.

Ndiyo maana nawashauri vijana wachukue wa hatua nane, uliokwisha tumika, wasiukimbilie wa hatua kumi na moja kwa sababu ya fahari. Ile mikono ya kale wasiiuze. Waifunge kitambaa waiweke, kwani siku ya shida yaweza kurudishwa mahali pake na kumfikisha mtu kwao. Asiye na fedha aitie mikono ya gia kwenye ncha za usukani. Haipendezi sana machoni, lakini yatengenezeka, wala haimwondoi mtu mikono usukanini.

Limebaki jina. Breki tunayo, gia tunayo, hata friwili tumeifanya yetu, lakini kitu hiki nilikisikia Kitale kikiitwa kwa kuelekezewa kidole: "hiyo ya pale juu." Fundi atamfundishaje mwanafunzi wake kitu kisicho na jina? Mimi napendekeza "mkono pacha", kwa kuwa kazi mbili zimezaliwa pamoja ndani yake. Rafiki yangu wa Webuye asema ni jina la kishairi mno na kwamba "breki-gia" latosha. Msomaji mwenye jina lililo bora kuliko hayo na alilete, tulipime.