Mwandishi Naye Ana Jasho

Muhula uliopita mwalimu mmoja wa Kitui alinitumia kwa simu nakala nzima ya tamthilia inayotahiniwa. Wanafunzi wake wote walikuwa wameipata vivyo hivyo, bila malipo. "Watoto hawa ni maskini, ndugu yangu," alinieleza. Nakiri kwamba niliisoma hadi nusu kabla dhamiri haijanisuta.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Katika Kitui na Makueni mvua huadimika, na mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo huenda hana mwingine wa kuuzia kitabu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini je, ni haki mzigo wa umaskini huo aubebe mwandishi peke yake?

Tuchukue mfano. Mirabaha aghalabu huwa asilimia 10 hivi. Kitabu kikiuzwa kwa shilingi 500, aliyekesha akikiandika hupata shilingi 50. Nakala ya simu haimpi hata senti.

Katika kilimo jambo hili tunalielewa vyema. Kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha matunda huko Kalamba mwaka wa 2017, mkulima wa maembe apate bei ya haki badala ya kupunjwa na madalali. Hakuna aliyesema maembe yachukuliwe bure kwa kuwa watoto wana njaa. Naye David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alianzisha kampuni yake ya vitabu, Comb Books, katika miaka ya 1970. Angewezaje kuchapisha kitabu cha pili iwapo kila msomaji angenakili cha kwanza?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimfungi mwalimu mikono. Humruhusu kudondoa kwa kiasi, kwa ajili ya uhakiki, mradi amtaje mwenye kazi. Kugawa kitabu kizima ni jambo jingine.

Dawa ipo. Katiba ya 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Basi kaunti hizi mbili zinunue vitabu teule na kuviazima shuleni, wanafunzi wapokezane. Mtoto atasoma bure, na mwandishi atalipwa.

Walimu, miongoni mwa waliopokea nakala ile huenda yumo mwandishi wa kesho. Tusimfundishe leo kwamba jasho lake halitakuwa na bei.