JIBU LA BARAZANI NI DENI



Kila Mkutano wa Baraza la Wawakilishi unapokaribia kuahirishwa, Kiongozi wa Shughuli za Serikali husimama na kuzijibu hoja za Wajumbe: maji, dawa, ardhi, barabara, usalama wa vyombo vya baharini. Hadi mwaka 2010 kazi hiyo ilikuwa ya Waziri Kiongozi. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka huo ni ya Makamu wa Pili wa Rais. Tusiidharau kazi hiyo. Hapo Serikali nzima, kwa kinywa cha mtu mmoja, inamjibu mwananchi wa Nungwi, wa Makunduchi na wa Mji Mkongwe.

Kwa sababu hiyo tunasema bila kificho: jibu lisilotaja tarehe, lisilotaja fedha wala mtu wa kulitekeleza, si jibu. Sote tunayajua maneno yanayotumika: kwamba hoja imepokelewa, kwamba inafanyiwa kazi, kwamba litatendeka hali ya fedha itakaporuhusu. Ni maneno ya heshima, lakini hayajazi ndoo ya mama anayesubiri maji. Meza hugongwa, Wajumbe huagana, na Mkutano unaofuata swali lilelile hurudi likiwa limezeeka.

Je, tunatia chumvi? Tazameni bahari yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilizama nje ya Nungwi. Ilikuwa chombo cha abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Taarifa yake ilitolewa Januari 2012. Tarehe 18 Julai 2012, miezi sita tu baadaye, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, nayo ikiwa na abiria kupita kiasi. Waziri aliyehusika na usafiri alijiuzulu mwezi huohuo, na katika nchi ambayo wakubwa hawana mazoea ya kujiuzulu, hatua hiyo tunaiheshimu. Lakini kujiuzulu kwa mtu hakuhesabu abiria bandarini Malindi. Kati ya taarifa ya Januari na msiba wa Julai palihitajika orodha ya abiria, mkaguzi asiyehongeka na amri ya kuizuia meli iliyojaa isiondoke. Huo ndio utekelezaji, na ukikosekana watu hufa.

Tazameni pia Forodhani. Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilifungwa mwaka 2012 baada ya sehemu yake kuporomoka. Kila mpita njia aliziona nyufa zake, na Mji Mkongwe ulikuwa tayari katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Siku ya Noeli ya mwaka 2020, ukarabati ukiwa umekwisha kuanza, upande mzima ulianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Miaka minane ilipita tangu kufungwa. Nyufa hazingoji mchakato.

Wako watakaotuambia kwamba Serikali yetu ni ya visiwa vidogo, na kwamba kiongozi hawezi kuahidi asichokuwa nacho. Ni kweli, nasi hatutaki aahidi. Na aseme wazi: mwaka huu hatuna fedha, jambo hili haliwezekani. Hilo ni jibu kamili, na mwananchi mzima wa akili atalipokea. Asilostahili ni kubembelezwa kama mtoto anayeambiwa kesho ilhali kesho haiji.

Wengine watasema kwamba kulaumu majibu ni kuingia katika siasa za vyama. La, hasha. Mwaka 2011 na 2012 vyama vikubwa vyote viwili vilikuwa ndani ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Bahari haikuuliza kadi ya mtu. Wala hatusahau miaka ambayo waulizaji wenyewe hawakuwamo: baada ya uchaguzi wa 1995 Wawakilishi wa CUF, waliokuwa na viti 24 kati ya 50 vya majimbo, walisusia vikao hadi Muafaka wa 1999, na baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, ambao CUF iliususia, viti vyote vya majimbo vilibaki kwa chama kimoja. Anayejibu mbele ya wasiouliza husikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila ahadi itolewayo Barazani itajwe pamoja na muda, fedha na ofisi inayohusika. Pili, kila Mkutano uanze kwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali kueleza ahadi zipi za Mkutano uliopita zimetimizwa, zipi bado, na kwa nini. Tatu, taarifa za Tume za uchunguzi ziwekwe mikononi mwa wananchi.

Nanyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, kazi yenu ni nyepesi lakini yahitaji uvumilivu. Wekeni daftari. Andikeni Mwakilishi wenu aliuliza nini, alijibiwa nini, siku gani. Miezi sita ikipita, mwendeeni kwa adabu na daftari mkononi. Fanyeni hivyo pamoja na jirani zenu Waislamu, ambao ndio wengi visiwani hapa, kwa kuwa maji, dawa na boti ni vya wote.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni halilipwi kwa kusahauliwa na anayedai. Tusisahau.