Maumivu Hayana Kipimo: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Homa ina kipimajoto, presha ina mashine yake, malaria ina kipimo cha damu. Maumivu yana maneno ya mgonjwa tu. Kwa sababu hiyo, katika hospitali zetu anayeamua kama maumivu yapo kweli, na kama yanastahili dawa yenye nguvu, ni jicho la mhudumu aliye zamu. Nakuandikia kusema kwamba jicho hilo limekwisha kuthibitika kuwa hakimu mbovu, na kwamba Wizara yako inaweza kulitua mzigo lisioumudu.

Chukua selimundu, ugonjwa ambao hapa kwetu si wa kutafuta kwa tochi: inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, na ni nchi chache duniani zinazotuzidi. Seli nyekundu hupinda zikawa kama mundu, hukwama katika mishipa midogo ya damu, na mfupa au nyama iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni; hapo ndipo maumivu makali huanza. Sasa mtazame mgonjwa huyo anapofika mapokezi saa nane za usiku. Joto la mwili liko sawa. Presha iko sawa. Eksrei ya mguu anaoulalamikia haionyeshi kitu. Wingi wa damu yake huenda ni uleule wa siku zote. Isitoshe, maumivu haya ameishi nayo tangu utotoni, kwa hiyo halii. Ameinamia simu yake, au amefumba macho, na akipitiwa na usingizi inaandikwa kwenye faili kwamba ametulia. Akiulizwa anataka nini, anataja dawa kwa jina na kiasi chake, maana anakijua kilichomsaidia mara iliyopita. Mgonjwa wa kisukari akitaja kiasi chake cha insulini husifiwa kwa kuujua ugonjwa wake. Huyu huonekana teja.

Usidhani hili ni tatizo la wauguzi wetu peke yao, wala la elimu ndogo. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo sana za kuzuia maumivu, na mara nyingine kwa dawa ya kulegeza misuli tu, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa kiasi cha kuhisi. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Oxford: vichanga waliopewa dawa kamili wakati wa upasuaji walipata mshtuko mdogo wa mwili na matatizo machache baadaye kuliko wenzao. Kumbe watoto walikuwa wakiumia miaka yote hiyo mbele ya mabingwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi Wazungu waliowahoji waliamini walau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Na wenye imani hizo waliyakadiria maumivu ya mtu mweusi kuwa madogo. Uingereza nako, mwaka 2019, kijana wa miaka 21 mwenye selimundu alipiga simu ya dharura akiwa amelala kitandani hospitalini London, akiomba oksijeni kwa kuwa wodini hakusikilizwa. Alifariki. Ripoti ya wabunge iliyotolewa mwaka 2021 ilikuta kutosikilizwa huko ni desturi na si ajali ya usiku mmoja.

Sisi hatuna kisingizio cha rangi, lakini tuna chetu. Mtoto wa kiume huambiwa ajikaze kisabuni kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwanamke anayejifungua akipiga kelele anaambiwa anadeka, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa heshima ya ukoo. Watu waliolelewa hivyo ndio wanaokuwa wagonjwa, na ndio hao hao wanaokuwa wauguzi na madaktari. Mgonjwa anaficha, mhudumu anapunguza, na kati yao dawa inabaki kabatini. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nasi tunaitumia methali hiyo kuwafariji wafiwa na wanaoteseka. Kwa faraja inatosha. Kwa hospitali ina maana ngumu zaidi: kama ajuaye ni mwenyewe, basi neno lake ndilo ushahidi bora uliopo, na anayelipinga ndiye mwenye wajibu wa kuleta sababu. Huko ndiko wataalamu walikofika pia. Jumuiya ya kimataifa inayotafiti maumivu ilipoifanyia marekebisho fasili yake ya mwaka 1979, hapo 2020, iliongeza wazi kwamba kauli ya mtu kuwa anaumia iheshimiwe.

Najua utaambiwa kwamba wapo wanaodanganya. Wapo, sikatai. Ila tupime hasara za pande mbili. Ukimwamini mwongo, amepata dozi moja chini ya macho ya muuguzi, imeandikwa kwenye rejesta, na akirudi wiki ijayo rejesta itasema. Ukimkatalia mkweli, umemwacha mtu mfupa wake ukikosa damu usiku kucha, na umemfundisha asije tena mpaka hali iwe mbaya. Hasara ya kwanza inarekebishika kwa kalamu. Ya pili mara nyingi hairekebishiki, maana selimundu inayochelewa kufika hospitali inaweza kugeuka tatizo la mapafu, na hapo watu hufa.

Utaambiwa pia habari za Marekani, ambako dawa za jamii ya afyuni zimeua watu kwa maelfu. Msiba ule ni wa kweli, lakini tuutazame ulivyoanza: vidonge vilivyotangazwa kibiashara, vikaandikwa kwa wingi hata kwa maumivu ya kawaida, na watu wakaenda navyo nyumbani. Ugonjwa wetu ni wa upande wa pili kabisa. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2018 kwamba kati ya tani zipatazo 299 za dawa hizo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa ziliambulia takriban kilo 100. Kumwogopesha mwenye njaa kwa hatari za kuvimbiwa si tahadhari. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya, ambao ndio msingi wa sheria zetu, unatamka katika utangulizi wake kuwa dawa hizi ni za lazima katika tiba na kwamba serikali zihakikishe zinapatikana. Nusu ya udhibiti tumeitekeleza kwa bidii. Nusu ya upatikanaji tumeisahau.

Jirani zetu Uganda hawakuisahau. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na mofini wanayotumia, mojawapo ya dawa hizo za jamii ya afyuni, haina fahari yoyote: unga unachanganywa na maji na dawa ya kuhifadhi, unatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, unajazwa kwenye chupa za plastiki, mgonjwa anakunywa. Mwaka 2004 serikali yao iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika wao wenyewe, kwa kuwa vijijini daktari ni nadra. Hapa Taasisi ya Saratani Ocean Road inaijua kazi hiyo hiyo ya kuchanganya. Kilichobaki ni mofini kutoka Dar es Salaam ikafika hospitali ya wilaya, na isikae imefungiwa kumsubiri daktari ambaye hayupo.

Huenda pia ukakumbushwa kwamba zamani madaktari walifundishwa kuwa kumtuliza mwenye maumivu ya tumbo kabla ya uchunguzi kunaficha ugonjwa. Tafiti zilizokusanywa tangu hapo hazikuona makosa ya utambuzi yakiongezeka, kwa hiyo hoja hiyo isitucheleweshe.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni waraka mfupi. Useme kwamba mgonjwa wa selimundu aliyeshikwa na maumivu makali apate dozi ya kwanza ndani ya saa moja tangu kufika; Uingereza iliweka nusu saa mwaka 2012, sisi tuanze na tunachokiweza. Useme kwamba aulizwe tena baada ya nusu saa, kwa namba kutoka sifuri hadi kumi au kwa picha za nyuso kama ni mtoto, na jibu liandikwe kama presha inavyoandikwa. Namba hiyo si kipimajoto, na saba ya mmoja si saba ya mwingine. Faida yake ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe wa nusu saa iliyopita. Useme kwamba atakayekataa kutoa dawa aandike sababu na kutia saini. Na uwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuandika mofini ya maji, kwa rejesta ile ile inayokaguliwa leo. Siku ya selimundu duniani ni Juni 19. Tafadhali waraka huo uwe umefika kwa waganga wakuu wa wilaya zote kabla ya siku hiyo.