Mambo ya Karatasi: Nikaha ya Mbali na Bahasha ya Viza



Wasomaji watukufu, miongoni mwa maswali yanayoufikia ukurasa huu hakuna linalojirudia kama hili: kijana wetu anayeishi Minneapolis au Saint Paul ameoa Mombasa, Unguja, Tanga au Nairobi. Nikaha imesomwa, mahari yametolewa, pilau imeliwa, na sasa anataka mkewe aje. Anauliza, nitie karatasi gani katika bahasha? Wapo pia akina dada, tena si wachache, ambao wao ndio raia wa hapa na waume zao ndio wanaosubiri ng'ambo. Tutakayoyasema yanawahusu vile vile.

Kwanza tufahamiane juu ya nani anayeamua. Sheikh aliyesoma khutba ya nikaha amekwisha kuikamilisha kazi yake mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya mashahidi. Afisa wa uhamiaji hana la kusema juu ya dini yetu. Yeye anatafuta majibu ya maswali matatu tu: je, ndoa hii ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa? Je, kila mmoja wao alikuwa huru kuoa au kuolewa siku ile? Na je, ni ndoa ya kweli, au imefungwa kwa ajili ya viza? Karatasi isiyojibu lolote kati ya hayo ni uzito wa posta tu, hata ikiwa na mihuri saba.

Sasa tuingie katika jambo linalowatatiza watu wetu zaidi ya jingine lolote, nalo ni nikaha ya wakili. (Msomaji asichanganye: hapa wakili ni yule anayemwakilisha bwana arusi, si wa mahakamani. Yule wa mahakamani tutamwita mwanasheria.) Kijana hana ruhusa ya kazini, au nauli imemshinda. Anampa uwakili ami yake, nikaha inasomwa msikitini Mombasa baada ya Alasiri, naye bwana arusi yuko Cedar-Riverside anasikiliza kwa simu. Kwa fiqhi, nikaha hiyo imesihi. Kadhi anaandika cheti, na kijana anakipeleka Idara ya Uraia na Uhamiaji, USCIS, pamoja na Fomu I-130, akidhani mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952 ina kifungu kifupi kinachosema kwamba neno mke au mume halimhusu mtu aliyefunga ndoa ambayo wawili hao hawakuwapo pamoja, isipokuwa kama baada ya hapo wamekutana kimwili kama mke na mume. Zingatieni neno “baada ya hapo”. Safari aliyoifanya kijana kabla ya nikaha, hata kama alikaa kwao miezi mitatu, haisaidii kitu katika hili. Anayeoa kwa wakili mwezi wa Rajabu na kupeleka fomu mwezi wa Shaabani bila ya kusafiri, kwa macho ya sheria hii bado hana mke wa kumwombea.

Dawa yake ni safari, na safari hiyo iandikwe. Hifadhini tiketi, kipande cha tiketi kinachobakia baada ya kupanda ndege, mihuri ya pasipoti ya kuingia na kutoka, na risiti ya nyumba ya wageni kama mlikaa huko. Kama mlikaa kwa wazee, wazee waandike hati ya kiapo kwamba mliishi chini ya dari yao kama mke na mume, tangu tarehe fulani hata tarehe fulani. Hakuna anayedai mambo ya faragha yaelezwe. Inatosha kuthibitika kwamba mlikaa pamoja baada ya tarehe ya nikaha. Kisha ndipo fomu ipelekwe.

Lipo na jingine linalokaribiana na hili. Katika mila yetu ya pwani, hata bwana arusi akiwapo mwenyewe, bibi arusi hayupo msikitini. Yeye yuko nyumbani na wanawake wenzake. Wali wake ndiye anayeozesha. Afisa aliyezoea harusi za kanisani huzitazama picha za msikitini akaona wanaume watupu wenye kanzu na kofia, kisha huuliza: yuko wapi bibi arusi? Swali hilo si la ubaya. Jibuni kabla halijaulizwa. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, kwa lugha nyepesi, mkieleza nani alikuwa wapi, wali alikuwa nani, mashahidi wawili ni akina nani, na bwana arusi aliingia ndani saa ngapi. Barua ya namna hii imo katika uwezo wa kila mtu, na kwa maoni yangu inafaa kuliko albamu nzima ya picha.

Na tukizungumza picha: wengi wetu hatupendi wake zetu wapigwe picha katika sherehe, na stara hiyo ina heshima yake. Hata hivyo zitieni chache, za nyumbani, mkiwa na wazee wa pande zote mbili, na nyuma ya kila picha mwandike tarehe, mahali na majina. Picha ya viza yenyewe ni jambo mbali. Mtandio unaovaliwa kila siku kwa ajili ya dini unaruhusiwa, lakini uso wote lazima uonekane; nikabu haikubaliwi, na miwani nayo huvuliwa.

Juu ya cheti, shikeni kanuni hii: cheti kiwe kile kinachotambuliwa na dola ya mahali pa ndoa. Kipande cha karatasi cha msikiti kinachoandikwa kwa mkono ni ukumbusho mwema, lakini peke yake hakitoshi. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa za Kiislamu nazo husajiliwa chini ya sheria hiyo. Tanzania Bara inayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa na RITA. Zanzibar ina mamlaka yake yenyewe ya usajili na mahakama zake za kadhi, kwa hiyo asitumwe ndugu wa Unguja kwenda kutafuta karatasi Dar es Salaam.

Talaka imewaponza wengi. Aliyekuwa na ndoa ya zamani lazima aonyeshe jinsi kila ndoa ilivyokwisha, kwa cheti cha talaka au cha kifo, na tarehe itangulie nikaha mpya. Aliyeoa kiserikali akatamka talaka nyumbani kwake Brooklyn Park, na mashahidi wakaandika, bado ni mume wa mke yule mbele ya sheria ya Minnesota mpaka mahakama ya wilaya itoe hukumu. Tanzania Bara nako, chini ya sheria ile ya 1971, amri ya mahakama ndiyo inayohitajika. Na yaliyo magumu kusemwa tuyaseme: mke wa pili, ijapokuwa ndoa yake ni halali kwa kadhi na kwa sheria ya Kenya, hapati viza ya mke wakati wa kwanza yungali katika ndoa. Msikubali shauri la kumwacha wa kwanza “kwa karatasi tu” ili kumleta wa pili. Ni dhulma kwake, na ikibainika kuwa ndoa ilitengenezwa kwa ajili ya viza, sheria huufunga mlango wa maombi ya namna hiyo kwa yule aliyeombewa, maisha yake yote.

Ushahidi wa ndoa ya kweli una ugumu wake kwetu. Maagizo hutaja mkopo wa nyumba wa pamoja, akaunti ya benki ya pamoja, mkataba wa kupanga wenye majina mawili. Sasa, anayejiepusha na riba hana mkopo wa nyumba, na mke aliyeko Lamu hawezi kuwamo katika mkataba wa kupanga wa Riverside Plaza. Msivunjike moyo. Mnayo mengine: risiti za fedha mnazotuma kila mwezi, iwe kwa M-Pesa au kwa maduka ya hawala, orodha ya simu, kurasa chache za mazungumzo ya simu zilizochaguliwa kutoka miezi mbalimbali, cheti cha mtoto kama Mungu amejaalia, na jina la mke kuandikwa kuwa mrithi katika bima ya kazini. Si lazima viwe vingi. Ni lazima viwe vya muda mrefu. Risiti moja ya kila mwezi kwa miaka miwili inazungumza kuliko risiti thelathini za wiki moja kabla ya usaili.

Hati za kiapo za jamaa na majirani zinasaidia, lakini nyingi nilizoziona ni nakala moja iliyotiwa sahihi na watu watano. Afisa anaitambua mara moja. Kila shahidi aandike kwa maneno yake: jina kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, anawajuaje wawili hao, na aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe.

Majina nayo! Sisi ni fulani bin fulani bin fulani. Fomu inataka jina la ukoo. Mtu huwa Abdallah katika pasipoti, Abdulla katika cheti cha kuzaliwa na Abdillahi katika cheti cha kadhi. Chagueni mwandiko wa pasipoti, na mengine yote myataje pale fomu inapouliza majina mengine mliyowahi kutumia. Tarehe ya Kiislamu iandikwe pamoja na ya miladi. Wale waliokuja kama wakimbizi wakaandikiwa Januari mosi kuwa siku ya kuzaliwa, wasiibadilishe kienyeji katika fomu hii. Kadhalika, aliyesema kambini kwamba hana mke, na sasa anamwombea mke aliyemwoa kabla ya kambi, amwone mwanasheria kabla ya kuandika neno lolote, maana faili la zamani lipo na litasomwa. Watu wa mji huu wanakumbuka mwaka 2008, vipimo vya vinasaba vilipofanywa Nairobi na mpango mzima wa kuunganisha familia za wakimbizi ukasimamishwa hadi 2012. Waliokuwa wakweli walisubiri pamoja na wasiokuwa wakweli.

Karatasi yoyote ya Kiarabu au Kiswahili ifuatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa sahihi yake kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazijua lugha zote mbili. Mihuri na maandishi ya pembeni pia hufasiriwa.

Baada ya I-130 kukubaliwa, faili huenda Kituo cha Taifa cha Viza, New Hampshire, na hapo ndipo inapokuja Fomu I-864, yaani dhamana. Mdhamini aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 26,437 kwa watu wawili na dola 40,187 kwa watu wanne. Ndugu zetu madereva wa teksi wanajikwaa hapa. Pesa inayopita mikononi mwao ni nyingi, lakini katika fomu ya kodi, baada ya kutoa petroli, bima na matengenezo, inabaki kidogo, na kinachotazamwa ni hicho kilichobaki. Mwenye nia ya kumleta mke alifikirie hilo wakati wa kodi, asingojee siku ya dhamana.

Asiyefikia kiwango huruhusiwa kuwa na mdhamini mwenza. Na hapa ninasema na wale wanaoombwa kutia sahihi baada ya sala ya Ijumaa, wakaona haya kukataa. Dhamana ile ni mkataba. Haikatiki kwa talaka. Inadumu mpaka mgeni yule apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambayo ni kama miaka kumi, au aondoke nchini moja kwa moja, au afariki. Mwenye kuifahamu na akakubali, Mungu amlipe.

Cheti cha polisi kinadaiwa pia, hata cha nchi nyingine mtu aliyowahi kuishi mwaka mmoja au zaidi baada ya kutimiza miaka 16. Aliyefanya kazi Muscat au Dubai aanze mapema, kwani kukipata ukiwa umekwisha kuondoka huchukua muda.

Kabla ya kulipa ada yoyote (ya I-130, ilipopandishwa tarehe 1 Aprili 2024, ilikuwa dola 675 kwa karatasi na 625 kwa mtandao), ulizeni kwanza hali ya amri za kuzuia viza. Tangazo la Rais la Juni 2025 liliizuia Somalia kabisa na Burundi kwa sehemu, lakini liliwaacha wake na waume wa raia wa Marekani. La Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, liliiongeza Tanzania katika nchi zilizozuiliwa kwa sehemu, na likauondoa msamaha ule wa jamaa wa karibu. Kinachotazamwa ni uraia wa anayeombewa, si mji anaokaa. Aliyezaliwa Eastleigh mwenye pasipoti ya Somalia huhesabiwa Msomali. Amri hizi hubadilika, nanyi msitegemee habari ya baraza la kahawa, wala ya ukurasa huu uliochapwa wiki mbili zilizopita.

Wa kuulizwa wapo. Immigrant Law Center of Minnesota na International Institute of Minnesota, zote za Saint Paul, zina watu walioidhinishwa kushughulikia mambo ya uhamiaji. Mtu mwenye mhuri wa kuthibitisha sahihi hapa Marekani si mwanasheria, hata kama ofisi yake ina bendera mbili na kompyuta. Akikujazia fomu, soma kila mstari kabla ya kutia sahihi yako, na usimwachie cheti cha asili. Mpe nakala, na nakala nyingine ya bahasha yote, ukurasa kwa ukurasa, ibaki nyumbani kwako. Mkeo naye awe na ya kwake, kwa sababu siku ya usaili ubalozini atakuwa peke yake dirishani.