Kupanda si Kazi, Kazi ni Kutunza

Si ajabu tena katika Uasin Gishu kuwaona wachungaji na mapadri wakishika majembe na kupanda miche mbele ya waumini wao. Tangu Serikali ilipotangaza mnamo 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, makanisa na shule nyingi zimeuitikia mwito huo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kinachokosekana kwetu ni ulezi.

Itakumbukwa kuwa tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili Wakenya wote wapande miti. Novemba ni msimu wa vuli katika sehemu nyingi za nchi. Huku kwetu, lakini, mvua huanza Machi au Aprili na aghalabu hupungua kuanzia Oktoba. Kwa hiyo mche unaotiwa ardhini Novemba karibu na Eldoret hungojewa na kiangazi cha Disemba hadi Machi. Asipopatikana wa kuunywesha, utakauka, hata kama uliombewa na askofu.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, aya ya 15, chaeleza kuwa mwanadamu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Kazi ya kwanza tumeitimiza kwa bidii, hata eneo letu likasifika kuwa ghala la mahindi na ngano. Ya pili tumeipa kisogo. Yapo mashamba yanayolimwa hadi ukingoni mwa mto. Mbolea ya DAP, iliyotumiwa mwaka baada ya mwaka, imechangia kuongeza asidi ya udongo, na sasa wataalamu wa kilimo wanawahimiza wakulima watie chokaa.

Mambo ya Walawi, sura ya 25, iliwaamuru Waisraeli waipumzishe ardhi kila mwaka wa saba. Hakuna anayemtaka mkulima mwenye ekari mbili na karo ya watoto kuliacha shamba lake mwaka mzima bila mazao. Lakini maana ya amri hiyo haijapitwa na wakati: ardhi ina Mwenyewe, nasi ni wapangaji tu. Mpangaji mwema hubadilisha mimea, huurudishia udongo rutuba, na huuachia mto ukingo wake.

Wapo Wakristo wanaoshikilia kuwa dunia hii inapita, na kwamba kazi ya Kanisa ni kuokoa roho. Hao yafaa wautazame mto Sosiani. Maji yake hutoka katika nyanda za juu za Kaptagat, hupita katikati ya Eldoret, huingia mto Kipkaren na kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria kupitia Budalang'i. Taka tunayoitupa mtoni huku juu haipotei. Humfikia mama anayeteka maji huko chini, ambaye hatutamwona maishani. Msamaria wa Injili hakumjua mtu aliyemhudumia njiani, ila aliona jeraha lake. Kama huyo alikuwa jirani, basi mama huyo naye ni jirani yetu, na kumchafulia maji ni dhambi dhidi ya mtu, wala si suala la usafi wa mji peke yake. Ndiyo sababu Papa Francis, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakukitenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Mwanafunzi hujifunza habari za uumbaji katika Elimu ya Dini ya Kikristo, akajibu maswali ya mtihani, akapata alama nzuri, kisha akatoka na kurusha mfuko wa plastiki mtaroni. Somo hilo halijafundishwa, limekaririwa. Shule zetu nyingi zina makanisa kama wafadhili. Basi kila darasa na likabidhiwe miti yake, ipandwe mvua zinapoanza, na wanafunzi wapeane zamu za kuinywesha wakati wa kiangazi.

Aina ya mti nayo ichaguliwe kwa busara. Mnamo 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi. Kando ya mto yafaa ipandwe mikuyu, mianzi na miti mingine ya kienyeji.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji linalojaa makanisa halina budi kuonyesha imani yake hata katika maji yanayotoka ndani yake. Tungependa kusikia madhabahuni, Jumapili moja ya mwezi Machi, hesabu ya miche ambayo ingali hai, badala ya ile iliyopandwa. Hesabu hiyo ndiyo itakayotujulisha kama tulikuwa tukitunza au tulikuwa tukipigwa picha.