Nyambizi Iliyovizia Mkesha wa Noeli



Wanafunzi wetu hupenda kuuliza habari za nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Leo tutaeleza habari ya nyambizi moja ya Wadachi iliyoitwa U-486, kwa sababu meli kubwa iliyozamishwa nayo ilikuwa na jina lililojulikana sana katika nchi yetu: Léopoldville.

Kwanza tuone jinsi nyambizi inavyofanya kazi. Debe tupu lililozibwa vizuri huelea ziwani. Likijazwa maji huzama. Nyambizi nayo ina matangi. Nahodha akitaka kushuka, huyafungulia maji ya bahari yaingie. Akitaka kupanda, huyasukuma maji hayo nje kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa.

U-486 iliundwa katika mji wa Kiel, ikaanza utumishi mwezi wa Machi 1944. Urefu wake ulikuwa mita 67, na upana mita 6 tu. Ndani ya bomba hilo la chuma waliishi watu karibu 50, pamoja na mitambo, chakula na topido zao, yaani mabomu yajiendeshayo majini. Juu ya maji ilitumia mitambo ya dizeli. Chini ya maji ilitumia umeme wa betri. Lakini betri huisha nguvu, na dizeli haiwaki pasipo hewa. Kwa hiyo zamani nyambizi ililazimika kupanda juu mara kwa mara, na hapo ndipo ndege za adui zilipoiona.

Wadachi walitafuta dawa ya taabu hiyo. U-486 ilipewa bomba refu la kuvutia hewa, kama mtu aliyejificha mtoni akipumua kwa unyasi. Tena mwili wake ulivikwa ngozi ya mpira. Sababu ni hii: manowari huitafuta nyambizi kwa kupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ukipaza sauti mbele ya jabali, jabali hukujibu. Ukipaza sauti mbele ya lundo la pamba, hupati jibu. Mpira ule ulikuwa pamba ya nyambizi.

Basi mwishoni mwa mwaka 1944, U-486 ilitoka Norwe chini ya nahodha Gerhard Meyer, ikaenda kuvizia katika mlango wa bahari uliopo kati ya Uingereza na Ufaransa.

Sasa tuitazame meli yenyewe. Léopoldville iliundwa Hoboken, Ubelgiji, mwaka 1929. Kabla ya vita ilichukua abiria na mizigo kati ya Anvers na Matadi, na miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo Wakongo. Vita vilipotokea, ikageuzwa kuwa meli ya kuvusha askari. Tarehe 24 Desemba 1944 iliondoka Southampton ikiwa na askari wa Marekani 2,235, wengi wao vijana, wakienda kupigana Ufaransa.

Jioni, karibu saa kumi na mbili, walikuwa wamebakiza kama kilomita 9 tu kufika bandari ya Cherbourg. Taa za pwani zilionekana. Hapo topido ya U-486 ikaipiga meli upande wa nyuma. Askari wengi waliokuwa vyumba vya chini walikufa papo hapo au wakafungiwa na maji.

Lakini meli haikuzama mara moja. Ilielea zaidi ya saa mbili. Je, kwa nini askari wote waliobaki hawakuokolewa, na bandari ilikuwa karibu hivyo?

Sababu zilikuwa nyingi. Amri ya kuiacha meli ilitangazwa kwa Kiflamandi, na Wamarekani hawakuifahamu. Waliwaona baadhi ya mabaharia wakishusha mashua na kuondoka, wakadhani ni kazi ya kawaida, nao wakasimama kungoja amri. Kuzitumia mashua wenyewe hawakufundishwa. Habari za simu ya upepo zilichelewa kufika Cherbourg, na huko wengi walikuwa wameacha zamu zao kwa ajili ya sikukuu. Manowari ya Waingereza, Brilliant, ilijitia ubavuni mwa meli katika mawimbi makubwa, ikaokoa watu wapatao 500. Zaidi ya hapo haikuweza kupakia. Wengine waliruka wakakosea, wakapondwa kati ya meli mbili. Wengine waliuawa na baridi ya maji. Askari waliokufa walikuwa wapatao 763. Nahodha Charles Limbor naye alizama pamoja na meli yake.

Baadaye waliookoka waliamriwa wanyamaze, na jamaa za marehemu wengi walikaa miaka mingi pasipo kujua watoto wao walikufaje.

Na U-486? Siku mbili baada ya tendo lile ilizamisha manowari ya Waingereza, Capel, ikaiharibu nyingine, Affleck. Tarehe 12 Aprili 1945, karibu na Bergen, ilipigwa na topido za nyambizi ya Waingereza, Tapir. Watu wake wote 48 walikufa. Ngozi ya mpira haikuwaficha siku ile. Mabaki yake yalionekana chini ya bahari mwaka 2013. Nao walikuwa na mama zao. Tuwaombee wote, waliozamisha na waliozamishwa.

Ndugu wasomaji, topido ilikuwa kazi ya adui. Lakini watu wengi kati ya wale waliokufa hawakuuawa na topido. Waliuawa na tangazo lisilofahamika, na mazoezi yasiyofanywa, na zamu iliyoachwa. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya tarumbeta ambayo mlio wake haufahamiki. Na usiku ule wa Noeli ya kwanza, wachungaji walioisikia habari njema walikuwa watu walio macho, wakilinda zamu yao.

Sisi wa Ituri hatuna bahari, bali tuna Ziwa Albert. Kutoka Kasenyi na Tchomia mashua huondoka zimejaa Waalur, Wahema, Walendu na wengineo, pamoja na watoto na magunia. Wewe mwenye mashua, je, kila abiria amevaa koti la kuelea? Umewaambia la kufanya upepo ukichafuka, na umewaambia kwa lugha wanayoisikia? Nawe baba wa nyumba, nawe mwalimu, onyo lako hufika masikioni tu, au hufika katika akili ya mtoto?

Kusema hakutoshi. Tuhakikishe tumefahamika kabla maji hayajaingia.