Ukibonyeza "tuma", nani anapokea?

Safu ya KUTOKA MUGUMU
Na Bhoke Marwa

Fomu ya mtandaoni ni kazi ya mchana mmoja. Kijana wa Tarime mwenye kompyuta na bando anaimaliza kabla ya magharibi: jina, simu, kijiji, maelezo, kitufe cha kutuma. Kazi yenyewe iko nyuma ya kitufe hicho, na wengi huko hawafiki. Taarifa inaangukia kwenye barua pepe ya ofisa aliyekwisha kuhamishwa, mtumaji anaandikiwa "asante", basi. Ni lile sanduku la maoni la mbao pale mapokezi, ambalo ufunguo wake hakuna ajuaye ulipo, ila hili linatumia umeme.

Hapa Serengeti wapo waliolianza jambo hili kutoka upande wa mpokeaji. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Vijijini lina watu wake, wanakijiji wenyewe, waliofundishwa kujaza taarifa za ukatili kwenye simu janja kwa ODK, programu ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Fomu inajazwa hata pasipo mtandao, inakaa kwenye simu, inaondoka mwenye simu akifika penye mawasiliano. Nao wajitoleaji wa Crowd2Map, tangu 2015, wamekuwa wakichora vijiji na barabara zetu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kutokana na picha za setilaiti, ili gari la kumfuata binti lisipotee usiku. Mtuma taarifa anajua upande wa pili kuna nini: nyumba yenye vitanda, na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto.

Atakayetengenezea halmashauri zetu zana kama hiyo asihangaike kuiga mifumo mikubwa ya Dodoma. Aanze na majina yetu. Mwita, Chacha, Marwa, Ghati: ita mojawapo sokoni Sirari uone wangapi watageuka. Langu mimi cheti kimoja kinasema Boke, kingine Bhoke. Zana inayotambua watu kwa majina itawaunganisha wasichana wawili kuwa mmoja, au itamgeuza mmoja kuwa watatu. Kwa hiyo kila fomu ipewe namba yake mumo humo kwenye simu, kabla haijatumwa, kama ODK inavyofanya. Mtandao ukisuasua Nyamwaga na mtu akabonyeza mara tatu, mtambo utaiona namba ileile na kuhifadhi taarifa moja. Kijiji nacho kichaguliwe kwenye orodha, kisiandikwe kwa mkono.

Fomu ikiwa kwenye tovuti, zitakuja pia roboti za matangazo ya kamari. Mafundi huweka kisanduku ambacho binadamu hakioni. Kikija kimejazwa, wanajua ni roboti. Ni sawa, lakini taarifa hiyo iwekwe kando mtu aipitie, isifutwe. Sitaki binti apotee kwa sababu ya ujanja wa fundi.

Yanayobaki ni ya watu. Ofisa wa zamu apate ujumbe mfupi wenye namba ya taarifa tu, bila jina la mtoto. Asipoifungua ndani ya saa mbili, iende kwa mkubwa wake. Kila taarifa ionyeshe iko wapi: imepokelewa, inashughulikiwa, imefungwa, na nani kaifunga. Mtindo wa kurusha habari kama hizi kwenye kundi la WhatsApp la kata naupinga kabisa. Mtoa taarifa huenda ni shangazi au jirani, na ndani ya kundi hilo wamo ndugu wa wanaotajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekwisha kuanza kutumika. Ofisa asiseme hakujua. Na mwenye kitochi asisahaulike: simu ya bure ya watoto, 116, ibandikwe juu kabisa ya fomu hiyo.

Msimu wa ukeketaji kwa Wakurya huja zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Sheria ya 1998 inaweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayehusika na kukeketwa kwa mtoto wa chini ya miaka 18 aliye mikononi mwake, lakini hukumu humkuta binti ameshakatwa. Halmashauri ya Serengeti na zile mbili za Tarime zikianza Septemba, zitapata muda wa kuijaribu zana kwa taarifa za kubuni, hata saa nane usiku, zione ni ofisa yupi anaamka.